Kiraka cha Katikati

Kwetu Machakos, nilikozaliwa, mtu mwenye kiraka kwenye nguo hutafuta kiti cha nyuma kanisani. Ndiyo maana mgeni mmoja wa parokia alipotuonyesha picha ya blanketi lililoshonwa kwa viraka vitupu, akatuambia kwamba kwao watu hugombania kitu kama hicho, tulicheka hadi machozi yakatutoka. "Woi, kwani hata umaskini unauzwa?" mmoja wetu akauliza. Nilicheka pia, lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua. Ndivyo nilivyo. Jambo likinikaa kichwani sibishani na mtu; nasema tu, na wenzangu wakichoka kupinga, linakuwa.

Tulikuwa kikundi cha wanawake wa cherehani pale Laini Saba, mtaa wa mabanda wa Nairobi, kando ya reli, chini ya paa moja la mabati lililotoboka. Tulishona sare za shule, tukapunguza suruali za mitumba, tukatia zipu. Tulichokosa ni ovaloki, ile mashine inayofunga ukingo wa kitambaa usitoke nyuzi. Kila sare tuliyoshona ilibidi tuipeleke kwa fundi mmoja wa kiume aliyekuwa na ovaloki na aliyejua vizuri kwamba sisi hatuna. Akituona tumefika, anaagiza chai. Tulikaa kwenye benchi lake tukimtazama akipuliza kikombe, nami nikiapa kimoyomoyo kwamba iko siku atainywa chai hiyo peke yake.

Mpango ukawa hivi. Tushone blanketi moja la viraka, la kikundi kizima, tuuze tiketi za bahati nasibu, na siku ya kumpata mshindi tutie tiketi zote kwenye sufuria, mtoto wa chekechea avute moja. Pesa zitakazopatikana zinunue ovaloki. Nilisema tiketi zitauzika, na ziliuzika. Kinyozi alinunua, mwenye bucha alinunua, kwaya nzima ilinunua. Hata muuza makaa alinunua, mtu ambaye sijawahi kumwona akitoa pesa kwa kitu kisichowaka.

Vitambaa havikuwa shida. Ilikuwa miezi ya kampeni, na mafundi wa Nairobi walikuwa wakishona kofia na fulana na bendera, kwa hiyo mabaki yalikuwa tele, ya rangi za vyama vyote. Kila mmoja alipewa kiraka chake ashone picha ya kitu anachokijua. Mimi nilishona kiondo, kikapu chetu cha mkonge, kwa sababu mama yangu alisuka viondo hadi macho yakaisha. Mwenzetu mmoja kutoka upande wa ziwa, fundi mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi, alishona samaki aliyetoa macho. "Huyu hata umkaange, yeye anakuangalia tu," alisema. Tangu siku hiyo tukamwita mwenye samaki, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Kiraka cha katikati, kikubwa kuliko vyote, tulimpa jirani yangu wa meza. Alikuwa mwanamke wa Nyeri, mpole, asiyependa kusifiwa. Meza zetu ziligusana kwa miaka mingi, na nilikuwa najua kutokana na mlio wa cherehani yake kama ameamka vizuri au vibaya. Tulimpa katikati kwa sababu mkono wake hautetemeki, na kwa sababu tepu ya kupimia iliyokuwa bado inasomeka ilikuwa yake peke yake. Aliamua kushona jiko la makaa, sufuria juu yake, na moto. Moto aliukata kwenye mabaki ya rangi ya machungwa, na hapo utani ukaanza, maana rangi hiyo ilikuwa ya chama ambacho kila mtu alijua hatakipigia kura.

"Leo umehama?" mwenye samaki akamchokoza.

"Moto hauna chama," akajibu bila kuinua macho. "Kama umeona wa bluu, nionyeshe niushone."

"Wa gesi ni wa bluu."

"Gesi nani ako nayo hapa?"

Tulicheka sote. Wakati ule mambo hayo bado yalichekesha.

Tulikuwa na kanuni moja, na mwenye kuiweka ni mimi. Zamani mmoja wetu aliwahi kufumua mshono wa mwenziwe akidhani anamsaidia, na ilibidi tuwatenganishe kwa nguvu. Baada ya hapo nikasema: mshono wa mtu haufumuliwi na mwingine, na kazi ya mtu haiungwi na mwingine. Ukikosea, unafumua mwenyewe. Usipokuwepo, unangojwa. Walinung'unika kwamba kanuni hiyo itatuchelewesha, lakini ilituondolea vita, na mimi naipenda kuliko sheria nyingi za nchi hii.

Jirani yangu alienda na kiraka chake nyumbani akimalizie wakati wa Krismasi. Kisha tukapiga kura.

Sitasimulia yote. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wamesimuliwa na watu wengi. Nitasema ya kwetu tu. Matokeo yalipotangazwa, mtaa uliwaka. Reli iling'olewa, moshi wa vitoa machozi ukaingia mpaka kwenye unga, kibanda chetu kikabaki nguzo, na cherehani zilizopona ni zile tulizowahi kuziingiza majumbani. Nyumba ya jirani yangu ilichomwa moto kwa sababu ya kabila lake. Alitoka na watoto wake, na mfuko wake wa kushonea, kwa sababu mfuko ulikuwa unaning'inia karibu na mlango. Akakimbilia Kawangware kwa dada yake.

Nilipopata habari kwamba yuko hai nilikaa chini nikalia, halafu nikainuka na hasira ambayo sijaimaliza hadi leo. Mtu aliyewatilia zipu nusu ya mtaa! Ovaloki niliitaka, sawa, lakini kuanzia siku ile nilichotaka zaidi ni mwanamke yule arudi kwenye meza iliyogusana na yangu. Kwamba atarudi sikuwa na shaka. Nilichokuwa sijui ni siku tu.

Wiki zile tulizofungiwa ndani, kila mmoja alishona kitandani kwake. Mambo yalipopoa kidogo tukakutana kwenye darasa la chekechea na kuunganisha viraka. Kiondo changu kilikuwepo, samaki alikuwepo, kila kitu kilikuwepo, na katikati kulikuwa na shimo ambalo mtoto angeweza kupita. Nje, wenye tiketi walikuwa wameanza kuuliza. "Mathe, blanketi iko wapi? Ama mlikula pesa yetu?" muuza makaa aliniuliza mbele ya watu. Pesa ilikuwa salama kwa padri, lakini jina letu lilikuwa linaanza kunuka.

"Tushone ingine tuweke hapo, tumalize," mwenye samaki alisema. "Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Huo si ufa," nikamjibu. "Hapo ni mahali pa mtu."

"Na mtu mwenyewe hayuko."

"Usipokuwepo, unangojwa."

"Hiyo kanuni yako ndiyo itatuletea ovaloki?"

Alisema hivyo akimtazama samaki wake, si mimi. Nilidhani amechoka. Sote tulikuwa tumechoka, na unga ulikuwa umepanda bei, kwa hiyo sikumwuliza lolote. Nilisema tu kwamba kesho yake naenda Kawangware kumleta mwenye kiraka.

Nilienda kwa miguu. Sisi Wakamba mwanzoni mwa vurugu tulionekana wageni wa pande zote, na mkubwa wetu wa siasa alipojiunga na upande mmoja tukatazamwa kwa jicho la pembeni na pande zote. Lakini nilikuwa nimeamua kutembea kama mtu anayeenda kudai chake, na mtu wa namna hiyo hasimamishwi. Nilipita soko la mitumba lililoteketea, mabati yamejikunja chini, nikashika Barabara ya Ngong hadi Dagoretti Kona, nikateremka Kawangware. Hakuna aliyenisimamisha.

Nilimkuta kwenye chumba kimoja na dada yake na watoto wa wote wawili. Alikuwa akifulia watu nguo. Tulikumbatiana, mikono yake imelowa. Baadaye akavuta ule mfuko kutoka chini ya kitanda na kunipa kiraka. Jiko lilikuwepo, limeshonwa vizuri ajabu. Sufuria ilikuwepo. Pale palipokuwa na moto palikuwa na matundu madogo ya sindano tu.

"Niliufumua," akasema.

Nilipitisha kidole juu ya yale matundu.

"Chukua mkashone wenyewe. Mimi huko sirudi."

"Sichukui."

"Aki wewe mama uko na kichwa ngumu."

"Kazi ya mtu inaungwa na mwenyewe. Unajua."

"Hiyo kanuni ilikuwa ya ule wakati."

"Kanuni yangu haina ule wakati na huu wakati."

Alicheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa mgongo wa kiganja. "Niambie basi. Nikirudi nitakaa na nani? Watu wa plot yangu waliona. Walikuwa hapo kwa milango yao, na hakuna mtu alitoka." Mimi nilikuwa ninaishi ng'ambo ya pili ya reli, si kwenye ua ule wa vyumba vya kupanga, na sikuwa nimeona, lakini hilo halikuwa jibu. Nilikunywa chai waliyonipa, nikamwachia kiraka chake mapajani, nikarudi mikono mitupu.

Wenzangu walinipigia kelele darasani kama walivyokuwa na haki. Umetembea mpaka Kawangware, umekishika kiraka, halafu umekiacha? Wewe ni mzima? Mwenye samaki peke yake hakupiga kelele. Alingoja mpaka zikatulia, akauliza polepole, "Alisema nini?"

"Alisema watu wa plot yake walikuwa hapo na hakuna aliyetoka."

Mwenye samaki aliishi kwenye plot hiyo, milango michache tu kutoka kwa jirani yangu. Sote tulilijua hilo, na hakuna aliyelisema. Aliinuka, akalikunja blanketi na shimo lake, akalitia kwenye gunia.

"Basi tutaenda kwake," akasema. "Mimi na wewe na hii kitu."

Kule Kawangware watu wa upande wa ziwa walikuwa wamefukuzwa vilevile kama jirani yangu alivyofukuzwa huku, ubaya ule ule uliovaa kofia nyingine. Nilimwambia angoje. Tulingoja wakubwa wapeane mikono kwenye televisheni, halafu tukangoja tena kidogo, kwa sababu mkono wa mkubwa huchukua muda kufika kwetu.

Siku ya kwenda mwenye samaki alijifunga leso kichwani, nami nikamwonya asifungue mdomo njiani, maana lafudhi yake husikika kabla hajafika. Kumnyamazisha yule mwanamke ni kazi, lakini siku hiyo alinyamaza bila kuombwa mara ya pili. Karibu na stegi ya mabasi ya Kawangware vijana watatu walitusimamisha.

"Mathe, mko na nini kwa hiyo gunia?"

"Viraka," nikasema.

"Ati viraka?"

Nililifungua blanketi mbele yao, nikaingiza mkono kwenye shimo. "Tumekuja kuziba hapa. Mna uzi?" Walitazamana, mmoja akacheka. "Pita tu, mathe," wakasema. Mwenzangu alikuwa amenishika gauni kwa nyuma, na hakuliachia mpaka tulipofika.

Dada mtu alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Alimtazama mwenye samaki mara moja tu, akajua ametoka upande gani. "Huyu haingii kwangu," akasema. Nilifungua mdomo nimjibu, lakini jirani yangu alitokea nyuma yake. Alimtazama dada yake, akamtazama mwenye samaki, akalitazama gunia. "Si lazima aingie," akasema. "Tutakaa nje hapa kwa jua."

Tulitandika mkeka, tukalaza blanketi juu yake. Jirani yangu akaleta kiraka chake, akakiweka kwenye shimo, na hakikuenea. Kiraka cha samaki kilikuwa kimeingia katikati kwa upana wa vidole viwili.

"Ulipima na nini?" Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mwenye samaki.

"Na mkono. Tepu ulikuwa nayo wewe."

Kwa kanuni yetu, mshono wa samaki ungeweza kufumuliwa na mwenye samaki tu, na jiko liungwe na mwenye jiko tu. Haikuwezekana mmoja afanye kazi yake bila mwingine kukaa palepale, goti kwa goti, kwenye mshono mmoja. Mimi sikuwa na la kufanya. Nilikaa kando na mikono yangu mapajani, nimefungwa na sheria yangu mwenyewe.

Jirani yangu alitoa wembe kwenye mfuko, ule wa kufumulia, lakini akabaki ameushika. Mwenye samaki alikuwa akilitazama jiko.

"Moto ulienda wapi?"

"Niliutoa." Kisha, akiinua macho, "Ile siku, wewe ulikuwa wapi?"

Nilitaka kuingilia. Naapa ulimi wangu ulikuwa umeshajiandaa na maneno ya kupoza, lakini hakuwa ameniuliza mimi.

"Kwa nyumba," mwenye samaki akasema. "Nilikuwa nimefunga mlango."

"Ulinisikia nikikuita?"

"Nilikusikia."

"Nilikuita na jina yako."

"Yawa, nilikusikia. Kila mara uliita nilikusikia. Nilishika watoto wangu mdomo, nikanyamaza. Niliogopa. Sina kitu ingine ya kukuambia. Nilikuja nikuambie hiyo, hata kama hutashona."

Dada mtu aliacha kufua. Jirani yangu aliugeuza wembe vidoleni, akaugeuza tena, nami nasema wazi kwamba niliogopa, si wembe, bali kwamba angeukunja kwenye karatasi yake na kuingia ndani, na hapo ingekuwa kwisha, na kwa haki kabisa. Hakuna kanuni niliyokuwa nayo ya kumzuia. Alimtazama mwenzake usoni kwa muda mrefu. Kisha akamwekea wembe mkononi.

"Fumua," akasema. "Anzia hapa kwa mkia. Na usikate kitambaa."

Mwenye samaki alifumua, na jirani yangu alimfuata nyuma na sindano, karibu sana hata vidole vyao vikawa vinagongana. Hawakuzungumza sana. "Vuta." "Hapo." "Ngoja kidogo." Machozi yalikuwa yakimtiririka mwenye samaki, naye aliyafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Jua liliposogea tukasogeza mkeka. Dada mtu mwishowe alileta chai. Kikombe cha mwenye samaki alikiweka chini bila kumtazama, lakini kilikuwa kimejaa.

Mshono wa mwisho ulipofungwa nilimwuliza jirani yangu kama atakuja siku ya kumpata mshindi.

"Usinisukume," akasema.

Na mimi, mtu wa kusukuma tangu kuzaliwa, sikumsukuma.

Nitayasema ya ovaloki mapema niyamalize. Tuliinunua, na yule fundi anakunywa chai yake na nani sijui. Blanketi lilimwangukia mwalimu wa chekechea, na muuza makaa alisusa kwa wiki nzima. Lakini siku ile ya bahati nasibu, Jumapili baada ya misa, hayo yote yalikuwa hayajatokea. Watu walikuwa wamejaa kando ya reli, blanketi limetundikwa kwenye nguzo za kibanda chetu, sufuria ya tiketi iko mezani, na mimi nilikuwa nimekataa kuanza.

"Tunangoja nini?" mwenye bucha akauliza.

"Tunangoja mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu."

Nilisema kwa sauti ya mwenye uhakika, na uhakika nilikuwa nao. Nilimtafuta mwenye samaki anisaidie kuwatuliza watu, nikaona kwamba hata yeye hayupo. Hapo hasira ikanipanda. Niliwaachia sufuria yao, nikakata kona kumfuata kwenye plot yake.

Jirani yangu alikuwa amekuja. Alikuwa amesimama kwenye mdomo wa kichochoro cha plot yake ya zamani, njia ya kufika relini, kitambaa cha kanisani kichwani, mfuko begani, na miguu ilikuwa imekataa kuendelea. Watu wa plot walikuwa milangoni mwao, kila mmoja kwenye kizingiti chake. Walimwona vizuri, na hakuna aliyesogea. Wengine walitazama chini. Yeye hakuwa ameita mtu. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona kwamba midomo yake imefungwa.

Mlango mmoja tu ulikuwa wazi bila mtu. Mwenye samaki alikuwa ameshatoka, yuko katikati ya kichochoro mbele ya macho yao wote, anamwendea mbio huku akimwita kwa jina.